Chuma Kisichotulizwa

Jumamosi, 3 Julai 2021

Baba amenipa daftari hili. Ni la chuo, lina miraba midogo ya kuchorea grafu, na kurasa za mwanzo zilikuwa na hesabu zake. Amezichana. Akasema, "Raheli, Kiswahili chako kinashika kutu. Andika kila siku, hata mstari mmoja." Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba sina la kuandika, Sydney nzima imefungiwa ndani kwa korona. Akasema hilo nalo niliandike.

Nimeliandika.

Jumapili, 4 Julai

Mvua. Ibada kwenye kompyuta. Padri alisahau kuwasha sauti mpaka katikati ya mahubiri, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Jumapili, 11 Julai

Baba anasema shajara isiyoeleza watu ni kalenda tu. Haya.

Sisi ni watatu, tunakaa Granville, magharibi ya mji, nyumba ya kupanga yenye gereji ya bati nyuma. Mama anaitwa Coletha, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mimi niko mwaka wa kumi wa shule, sipendi kuongea mbele za watu, na nimesoma vitabu vingi kuliko nilivyo na marafiki. Hilo la mwisho alilisema Mama, si mimi.

Baba ni Dk. Abednego Lusato, mtaalamu wa metali. Amezaliwa Biharamulo. Babu yake alikuwa mhunzi, wa ule ukoo uliokuwa ukiyeyusha chuma kutoka kwenye mawe kabla majembe ya dukani hayajafika. Baba akiwa mdogo alivuta mivukuto, na babu yake alimfundisha kusoma joto la chuma kwa rangi, kwenye kibanda chenye giza, kwa sababu juani rangi inadanganya. Miaka ishirini baadaye, chuoni ng'ambo, walimpa kipimajoto, na alikuwa akibashiri kabla hawajakisoma. Alikosea kwa nyuzi kumi au kumi na tano hivi. Profesa wake alidhani ni mchezo wa mazingaombwe.

Tulikuja hapa mwaka 2010, nikiwa na miaka mitano. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kufundisha katika idara ile. Kwa miaka mitano picha yake, amevaa kofia ngumu na anacheka, ilikuwa kwenye jalada la kijitabu cha chuo. Mama anacho kimoja kwenye kabati pamoja na vyeti vya ubatizo.

Ila mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja. Kila Novemba anasaini upya. Mara kumi na moja. Wenzake walioingia nyuma yake wana ajira ya kudumu, na mwaka huu chuo kinapunguza watu kwa sababu wanafunzi wa nje hawawezi kuingia nchini.

Jumanne, 13 Julai

Muhula umeanza, kwenye kompyuta. Sikuwasha kamera.

Alhamisi, 15 Julai

Leo Profesa Hallam amepiga simu. Ndiye mkuu wa idara. Tangu tumefika anamwambia Baba amwite kwa jina lake la kwanza kama wenzake wote, na tangu tumefika Baba anamwita Profesa. Hawezi. Anasema ulimi unakataa.

Baba alikuwa anamenya viazi, kwa hiyo aliweka sauti ya simu nje, nasi tukasikia yote. Hallam alisema maabara hazitafunguliwa mwaka huu, na wanafunzi wanalalamika kwamba wanajifunza chuma bila kukiona. Je, Abednego angeweza kutengeneza video ya somo la joto, huko huko nyumbani? "Ukinipa hiyo, mimi nina cha kuwaonyesha wakubwa. Nafasi ya kudumu ni yako, rafiki yangu. Hilo niachie mimi."

Baba alishukuru mara tatu. Akasimama na kisu mkononi, maganda yakimning'inia.

Mama akasema, "Mwambie aandike."

"Aandike nini?"

"Hayo aliyoyasema. Baba Raheli, watu hawa wanaandika hata bei ya limau. Mbona hili haliandikwi?"

"Mtu mzima amenipa neno lake, na mwanangu anasikia. Nimwambie aandike? Si ndiyo kumwambia mwongo?"

"Ndiyo kumwambia aandike."

"Baba yangu aliuza shamba kwa neno. Akanunua ng'ombe kwa neno. Akanioza wewe kwa neno."

"Na mahari mliandika," alisema Mama. "Karatasi mbili, na mashahidi sita. Mjomba wangu bado anazo."

Nikacheka. Baba akacheka pia, lakini hakupiga simu tena.

Baada ya chakula nikaandika barua pepe kwa Kiingereza, kwenye kompyuta yake, mistari minne ya adabu: asante kwa mazungumzo ya leo, naomba unithibitishie kwa maandishi kuhusu nafasi ya kudumu. Nikamwonyesha. Aliisoma mpaka mwisho, akasema Kiingereza changu ni kizuri sana. Kisha akafunga kompyuta. Barua imebaki kwenye rasimu.

Jumamosi, 24 Julai

Baba amejenga tanuri ndani ya gereji. Ni kopo kubwa la rangi lililokandikwa udongo ndani, na tundu moja ubavuni. Mkaa tunao wa nyama choma. Mivukuto ni mashine ya Mama ya kukaushia nywele.

Mama hajaambiwa kuhusu mashine.

Jumapili, 25 Julai

Mama ameambiwa kuhusu mashine.

Alhamisi, 29 Julai

Mbuvi amepiga simu ya picha. Ni mwanafunzi wa Baba wa shahada ya uzamivu, Mkamba wa Machakos. Kabla ya kufungiwa alikuwa anakula kwetu kila Jumapili, na kila alipokuja aliniletea kitabu kutoka maktaba ya chuo kwa kadi yake. Ndiye mtu pekee nje ya nyumba hii ninayeweza kuzungumza naye bila kupanga maneno kwanza.

"Sema, Rahe. Prof yuko wapi?"

"Yuko gerejini, anachoma nywele za Mama."

"Ati?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka simu ikaanguka. "Prof ni mnoma! Sasa hiyo video akiimaliza watampea kazi ya kudumu, si ndiyo?"

"Hallam amesema."

"Amesema ama ameandika?"

"Amesema."

Akaniuliza nasoma nini siku hizi.

Jumamosi, 7 Agosti

Siku ndefu. Naandika yote.

Tulianza asubuhi. Tulifunga mlango wa gereji na kuziba dirisha kwa khanga ya Mama, ile ya kijani yenye mananasi, ili giza liwe la kutosha kusoma rangi. Mimi nilishika simu. Baba alikuwa amekata vipande viwili vya springi ya gari kuukuu, akavifua kwa nyundo kuwa tindo mbili, zile patasi za kukatia chuma.

Alikuwa mtu mwingine. Nyumbani Baba huongea Kiingereza kwa uangalifu, kama anavuka barabara. Kwenye giza lile hakuangalia upande wowote. Aliweka tindo ya kwanza kwenye mkaa, mashine ya nywele ikavuma, na chuma kikaanza kubadilika. Alitaja rangi moja moja kabla hazijafika: damu iliyokauka, zambarau iliyoiva, cheri. "Hapa," alisema. "Nyuzi mia saba na themanini. Si hapo ilipokuwa, si hapo itakapokuwa. Hapa." Akaitoa kwa koleo na kuizamisha kwenye mafuta. Moshi. Akapitisha tupa, tupa ikateleza kama juu ya kioo.

"Mwanafunzi mvivu anakwenda nyumbani sasa," alisema kwenye kamera. "Chuma ni kigumu, anafurahi." Akaibana tindo, akaipiga juu ya pande la chuma kwa nyundo. Ncha ikakatika, ikaruka na kugonga bati. Mimi nilipiga kelele. Imo kwenye video.

Ndipo akageuka na kuitazama kamera moja kwa moja. Kabla ya hapo nilipiga picha ya mikono tu, kwa kuwa hapendi kupigwa picha ya uso. Alisema, "Chuma kinachotoka kwenye mafuta kina hasira. Babu yangu alikiita chuma kisichotulizwa. Unakirudisha kwenye moto mdogo, ndani ya saa moja, nyuzi mia mbili na themanini, mpaka kipate rangi ya zambarau. Kinapoteza ugumu kidogo, kinapata uvumilivu. Usipokituliza, utakuwa umemkabidhi mtu kitu kitakachomvunjikia mkononi." Akafanya hivyo kwa tindo ya pili. Akaipiga mara ishirini. Haikuvunjika.

Nilikuwa nazima simu mlango ulipogongwa.

Walikuwa watatu. Polisi mmoja na askari wawili wa jeshi, mmoja wa kike, wote na barakoa. Jirani alikuwa ameona moshi, akapiga simu kwamba tuna sherehe. Baba akavuta barakoa yake, akasimama na ile fulana yake yenye masizi, akasema kwa ile sauti ya kuvuka barabara kwamba yeye ni mhadhiri wa chuo.

"Mhadhiri wa nini?" polisi aliuliza, akitazama mashine ya nywele.

"Wa metali."

Polisi akaomba kitambulisho. Baba alitoa kadi ya chuo, na polisi akailinganisha na uso wake, kadi juu, kadi chini. Akataka ashushe barakoa. Akailinganisha tena. Ilichukua muda mrefu kuliko kipimo chochote cha joto nilichowahi kuona.

Yule askari wa kike alikuwa ameinama kwenye tindo iliyovunjika. Akauliza kwa nini hii imekatika na ile bado. Kumbe alikuwa akijifunza kuchomelea kabla ya kuingia jeshini. Baba akamweleza. Akamwomba apige mwenyewe ile nzima. Alipiga mara tatu, akasema kwa Kiingereza kwamba hakuna aliyewahi kumwambia hili, na alivunja vifaa vingi sana. Polisi akamwita waende.

Baba alisema chakula cha jioni kikiwa mezani, "Mwanafunzi wangu wa kwanza wa mwaka huu niliyemwona kwa macho. Amekaa dakika tano, ameelewa." Alikuwa na furaha. Mama hakula.

Jumatatu, 9 Agosti

Video imetumwa. Hallam amejibu kwa simu: "Safi sana, Abednego. Safi mno." Kwa simu.

Jumanne, 17 Agosti

Mama anapimwa pua kila siku ya tatu. Wazee wawili kazini kwake wamefariki. Analala na mlango umefungwa na tunamwekea sahani nje.

Jumatatu, 23 Agosti

Kuanzia leo sisi wa magharibi ya mji haturuhusiwi kutoka baada ya saa tatu usiku. Wa ufukweni wanaogelea, nimewaona kwenye habari. Baba amesema nisiwe na chuki. Nimeuliza niwe na nini.

Ijumaa, 27 Agosti

Mti wa maua ya njano wa jirani umechanua. Baba ana mafua. Si yale.

Alhamisi, 2 Septemba

Kikao cha Baba kilikuwa saa nne asubuhi, kwenye kompyuta. Alinyoa. Alivaa shati jeupe, tai na koti la suti, na chini alivaa kikoi na soksi, na Mama akamwambia anafanana na balozi aliyekimbia moto. Alicheka, akarekebisha tai.

Mimi nilipaswa kuwa kwenye somo la historia. Nilikaa sakafuni kwenye korido, nyuma ya mlango.

Hallam hakuwa peke yake. Kulikuwa na mama mmoja wa ofisi ya ajira ambaye alijitambulisha kisha akasoma karatasi. Alisoma vizuri, kama mtu wa redio. Kwamba chuo kimepitia mahitaji yake. Kwamba mikataba ya muda haitarudiwa, na itakoma mwisho wa mwezi huu. Kwamba chuo kinathamini mchango wa kila mmoja. Kuna nambari ya simu ya ushauri nasaha, vikao vitatu vya bure.

Baba akasema, "Profesa, mwezi wa saba tulizungumza."

Nilimsikia Hallam akikohoa.

"Tulizungumza mambo mengi mwezi wa saba, Abednego. Hali ilikuwa inabadilika."

"Ulisema nafasi ya kudumu."

Yule mama akauliza kama kuna maandishi yoyote ya mazungumzo hayo.

Hapo ndipo nilipofumba macho. Nilitaka Baba aseme ndiyo. Nilitaka nisimame, nifungue mlango, niseme mimi nilisikia, Mama alisikia, Baba alikuwa anamenya viazi. Maneno yote nilikuwa nayo, kwa Kiingereza, yamepangwa. Nilibaki sakafuni.

"Hapana," Baba alisema. "Ilikuwa ni neno lake."

"Samahani, Abednego," Hallam alisema. Nadhani alimaanisha. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Baba alimshukuru. Amemshukuru! Nilimsikia akisema asanteni wote, kisha kiti kikasogea. Alipotoka alinikuta sakafuni. Alisema, "Somo la historia limeisha?" Nikasema ndiyo.

Jioni nimefungua kompyuta yake. Rasimu ya tarehe 15 Julai bado ipo. Mistari minne. Ilikuwa inahitaji kidole kimoja tu. Baba angekasirika wiki nzima, na leo angekuwa na kazi.

Ijumaa, 3 Septemba

Shati jeupe na tai vimerudi kabatini.

Jumatano, 8 Septemba

Baba amefagia gereji. Kopo la tanuri liko nje kwa ajili ya lori la taka. Tindo iliyovunjika ameiacha dirishani, sijui kwa nini.

Jumamosi, 11 Septemba

Mbuvi amepiga simu. Amepewa masomo ya Baba kuanzia mwakani, kwa malipo ya saa.

"Sikuomba, Prof. Haki ya Mungu. Waliniita tu. Na visa yangu inaisha mwezi wa pili, bila barua ya kazi niko kwa ndege."

"Hongera," Baba alisema. "Umekula lakini? Unaonekana umekonda."

Walizungumza nusu saa kuhusu tasnifu yake. Mwishoni Mbuvi akauliza, "Rahe yuko?" Nilitikisa kichwa kwa Baba. Baba akasema, "Anasoma."

Mama alikuwa anakunja nguo. Alisubiri simu ikatike. "Umempa hongera."

"Ningempa nini?"

"Ningejua mimi."

Alhamisi, 16 Septemba

Baba ametuma maombi kumi na nne. Mawili yamejibiwa kwamba ana elimu kupita kiasi.

Jumapili, 26 Septemba

Baada ya ibada Bwana Mushagalusa amempigia Baba. Ni Mkongo wa parokia yetu, anafanya kazi Ingleburn kwenye karakana ya kuchomea boliti na springi katika matanuri makubwa.

"Docteur, kazi iko. Lakini si ya bureau, ya kukaa kwenye kiti, eh. Ni ya kubeba."

"Mimi nilianza na kubeba," Baba alisema.

"Watu watakuita Ben. Mimi wananiita Mosh. Miaka tisa, Mosh! Mama yangu akisikia atasema huyu ni nani amekufa."

Baba alicheka kweli. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu gerejini.

Jumatatu, 11 Oktoba

Mji umefunguliwa. Watu wamepanga foleni kunyoa. Sisi hatukwenda popote.

Jumatatu, 18 Oktoba

Baba ameanza kazi Ingleburn. Ameondoka alfajiri na buti mpya za chuma puani. Amerudi na mikono nyekundu mpaka kwenye viwiko. Anapakia vikapu vya boliti kwenye tanuri, na skrini inamwambia joto. Anasema skrini inakosea kwa nyuzi ishirini, lakini si kazi yake kusema.

Nimemuuliza wanamwitaje. Akasema, "Chai iko wapi?"

Jumatatu, 25 Oktoba

Shule kwa miguu, si kwa kompyuta. Nimesahau jinsi ya kukaa na watu. Chakula cha mchana nimekula maktaba.

Jumatano, 3 Novemba

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia mwanzo.

Somo la sayansi, kipindi cha tatu. Mwalimu wetu alisema leo tutatazama video nzuri sana kutoka chuoni, imewekwa wazi kwa shule zote, ili tuone kazi za uhandisi. Akazima taa.

Kwanza nembo ya chuo. Kisha giza, na mkaa, na pembeni kabisa ya picha, kwenye dirisha, mananasi ya khanga ya Mama.

Ilikuwa mikono ya Baba. Ninaijua mikono ile, kidole gumba cha kushoto kina kovu la Biharamulo. Koleo likashika tindo, rangi ikapanda, na sauti ikaanza kueleza. Haikuwa ya Baba. Ilikuwa ya Mbuvi, kwa Kiingereza chake cha mahojiano. Alieleza rangi zilezile, kwa maneno yaleyale. Zambarau iliyoiva. Cheri. Mafuta, moshi, tupa ikateleza. "Sasa chuma chetu ni kigumu," ilisema sauti, "na kiko tayari kwa kazi."

Kisha nembo tena. Asante kwa idara. Hakuna jina.

Walikuwa wamekata kuanzia pale Baba alipovunja tindo ya kwanza, kwa sababu ndipo kelele yangu ilipo, na ndipo alipogeuza uso. Uso wake wote umekatwa. Na pamoja na uso, hatua ya mwisho yote.

Mwalimu akawasha taa, akauliza kama kuna swali. Nyuma yangu mvulana mmoja akasema anataka kutengeneza kisu hivyo nyumbani kwao. Mwalimu akacheka, akasema awe mwangalifu na moto.

Nilijua. Katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyejua kwamba kisu hicho kitavunjika. Mkono wangu ulikuwa juu ya meza. Haukuinuka. Kengele ikalia.

Alhamisi, 4 Novemba

Nimewaonyesha. Mama alitazama mpaka ilipofika khanga yake, akaondoka, nikasikia anaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Baba alitazama mara mbili, amevaa bado nguo za Ingleburn. Nilisubiri apige meza. Nilitaka apige meza.

"Hii ni sauti ya Mbuvi," alisema.

"Ndiyo."

"Amesema kiko tayari kwa kazi."

"Ndiyo, Baba."

Akachukua simu, akampigia. Niliketi karibu.

"Prof!" Mbuvi alisema, kisha akajua. "Prof, wacha nikueleze. Walinipea karatasi nisome. Video yenyewe niliona mara moja, walikuwa wameshaikata. Niliwaambia waweke jina lako, wakasema huwezi tajwa kwa sababu hauko tena kwa staff. Ningefanya nini? Nilisoma tu."

"Mbuvi. Chuma kikitoka kwenye mafuta, kinafuata nini?"

Mbuvi akaanza tena habari ya karatasi.

"Nilikufundisha muhula wa kwanza. Ulipata alama za juu. Kinafuata nini?"

"Kutuliza, Prof."

"Ulisoma sentensi inayosema kiko tayari kwa kazi. Ukaisoma mpaka mwisho."

"Sikufikiria, Prof."

"Najua," Baba alisema. "Ndiyo maana nimekupigia."

Alikata simu, akaiweka mezani taratibu. Akasema, si kwangu hasa, "Kama angeiba akijua, ningemwelewa."

Nilikuwa na hasira na Mbuvi tangu jana, hasira safi isiyo na doa. Sasa siipati. Alisoma alichopewa ili asiwekwe kwenye ndege. Mimi nilikuwa na maneno yangu mwenyewe, na hakuna aliyekuwa ananifukuza popote.

Ijumaa, 5 Novemba

Baba anataka kuandika barua chuoni. Mama amesema hapana. Nimemsikia kupitia ukutani.

"Wamekutupa, wamekukata kichwa, na wewe unataka uwasahihishie?"

"Kuna watoto wanatazama ile video, Mama Raheli."

"Watoto wao."

"Na Raheli pia. Darasani kwake."

"Basi dai jina lako kwanza. Sema, wekeni jina langu, ndipo niwaambie kilichokosekana."

"Nikifanya biashara na hilo," Baba alisema, "nitakuwa kama wao, na tindo itavunjika vilevile."

Jumamosi, 6 Novemba

Ameniita mezani. Alisema kwa Kiswahili, mimi nikaandika kwa Kiingereza. Barua ni fupi. Katika video yenu ya joto imekosekana hatua ya mwisho. Chuma kikitoka kwenye mafuta lazima kirudishwe kwenye moto mdogo, ndani ya saa moja, nyuzi mia mbili na themanini, la sivyo kitavunjika na kinaweza kumjeruhi anayekitumia. Tafadhali rekebisheni.

Chini niliandika: Dk. Abednego Lusato, aliyetengeneza video hii. Hakuniambia niandike hivyo. Akasoma, kidole chake kikasimama hapo muda mrefu. Nikaongeza mstari mmoja: Tafadhali mjibu kwa maandishi.

Safari hii sikusubiri afunge kompyuta. Nikaituma.

Jumatano, 10 Novemba

Hakuna jibu.

Ijumaa, 12 Novemba

Hakuna jibu. Boliti moja ya moto imemwangukia Baba kwenye buti. Buti imeungua, mguu uko salama.

Jumanne, 16 Novemba

Leo maktaba nimeifungua video tena. Tindo inatoka kwenye mafuta, tupa inateleza, Mbuvi anasema kiko tayari kwa kazi. Kisha picha inasimama kwa sekunde nne na maandishi meupe yanatokea juu ya mikono ya Baba. Lazima kirudishwe kwenye moto mdogo, ndani ya saa moja, nyuzi mia mbili na themanini. Ni sentensi yangu. Hata koma wameziacha pale nilipoziweka. Kisha nembo, na jina hakuna.

Nikafungua barua pepe ya Baba. Hakuna kitu.

Aliporudi nilimwambia akiwa bado mlangoni.

"Nyuzi ngapi wameandika?"

"Mia mbili na themanini."

"Ndani ya saa moja?"

"Ndani ya saa moja."

"Basi ni sahihi," alisema, akainama kufungua buti.

Mama alitokeza kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Na jina?"

Nilimtazama Baba. Kamba ya buti ilikuwa imeshikana kwa joto, na aliivuta, akaivuta tena.

"Raheli, nimekuuliza. Wameandika jina?"

"Mama Raheli," Baba alisema bila kuinua kichwa, "niletee kisu nikate hii kamba."